Dhamana Ipo, Gari Bado Bovu

Tarehe 26 Aprili 2018 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliitoza kampuni ya Ford nchini humo dola milioni 10 za Australia. Adhabu hiyo haikutolewa kwa sababu kampuni iliunda giaboksi mbovu. Ilitolewa kwa sababu ya majibu waliyopewa wateja walioilalamikia giaboksi hiyo. Magari ya Fiesta, Focus na EcoSport yaliyofungwa giaboksi iitwayo PowerShift yalikuwa yakitetemeka yanapoanza mwendo, na mengine yalisita au kupoteza nguvu barabarani. Wenye magari waliporudi kwa wakala, mara nyingi waliambiwa kuwa wao ndio hawajui kuendesha. Mbele ya mahakama kampuni ilikiri kwamba ilikuwa ikijua kutetemeka kule ni dalili ya kasoro ya gari lenyewe, na hata hivyo ilitumia hoja ya uendeshaji kuwanyima watu haki zao.

Mwenye gari yeyote aliyewahi kusimama kwenye kaunta ya wakala amekutana na ndugu wa jibu hilo. Mafuta uliyojaza si mazuri. Barabara unazopita ni mbovu. Ulichelewa sevisi. Kuna fundi wa nje amelifungua. Kila moja ya sababu hizo inaweza kuwa kweli, maana wapo wanaotesa magari yao kisha wakataka kiwanda kiwalipie. Lakini anayetoa hukumu hiyo ndiye mwenye mashine ya kupimia, ndiye anayetunza kumbukumbu za gari, na yeye au kampuni iliyo nyuma yake ndiye atakayegharimika ikionekana kosa ni la kiwandani. Mteja ana risiti tu na maneno yake.

Matangazo ya magari hushindana kwa miaka. Hyundai ilijijengea jina Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa dhamana ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi. Kia ikaja Ulaya na miaka saba. Miaka hiyo ina thamani yake. Hata hivyo, linaloamua kama mtu atatengenezewa gari bure au atalipa mwenyewe ni swali lisiloandikwa kwenye tangazo: gari likiharibika, nani anapaswa kuthibitisha chanzo? Ukipitia nchi moja baada ya nyingine, utaona hali ya mnunuzi hubadilika pale sheria inapolijibu swali hilo kwa niaba yake. Pale inaponyamaza, hata dhamana ya miaka saba haimfikishi mbali.

Kwanza ieleweke wakala ni nani. Jengo lenye nembo ya kiwanda mlangoni kwa kawaida ni biashara ya mtu mwingine kabisa, iliyopewa haki ya kuuza na kutengeneza. Gari likija chini ya dhamana, wakala hulitengeneza kisha hukidai kiwanda pesa. Kiwanda ndicho hupanga muda unaohesabiwa kwa kila kazi, mathalani saa ngapi za kushusha giaboksi, na muda huo mara nyingi huwa mfupi kuliko ule ambao mteja anayelipa taslimu angetozwa. Baadaye wakaguzi wa kiwanda hupitia madai hayo, na likionekana dai lisilo na vielelezo vya kutosha, wakala hutakiwa kurudisha pesa. Kwa hiyo msimamizi wa gereji ya wakala ana woga wa pande mbili: mteja aliye mbele yake anapiga kelele, na mkaguzi wa makao makuu hayupo hapo ila atakuja. Tusimlaumu sana akimwogopa zaidi yule wa pili.

Chini yake yuko fundi. Katika gereji nyingi za mawakala Marekani fundi hulipwa kwa kazi aliyoimaliza wala si kwa saa alizokaa kazini. Akibadilisha breki nne kabla ya chakula cha mchana, amepata. Akipewa gari linalozimika mara moja kwa wiki likiwa kwenye foleni, anaweza kupoteza nusu siku akilitafuta tatizo na asilipwe kitu. Matokeo yake ni ile sentensi ambayo wenye magari duniani kote huichukia kuliko zote: gari limepimwa, hitilafu haikuonekana. Gari linarudishwa limeoshwa vizuri, na baada ya siku tatu linazimika tena. Ubaya wa sentensi hiyo ni kwamba, isipoandikwa mahali, ziara ile haihesabiki. Dhamana ikiisha mwezi unaofuata, kwenye karatasi gari hilo halijawahi kuwa na tatizo lolote.

Hapo ndipo sheria za Marekani za magari mabovu, zilizoanzia jimbo la Connecticut mwaka 1982, zilipoweka kidole. Bunge la jimbo halikumtaka mnunuzi aeleze nini kimeharibika ndani ya injini. Lilimtaka ahesabu. Kwa kawaida, gari jipya likirudishwa mara nne kwa tatizo lile lile bila kupona, au likikaa gereji jumla ya siku 30 ndani ya muda uliowekwa, linachukuliwa kuwa ni bovu na kiwanda hulazimika kulibadilisha au kulinunua tena. Majimbo mengine yalifuata, kila moja na hesabu yake. Kabla ya hapo, mwaka 1975, sheria ya taifa iitwayo Magnuson-Moss ilikataza kiwanda kumfunga mteja kwa kusema dhamana itakufa asipotumia spea za kampuni au gereji ya wakala, isipokuwa kiwanda kinazitoa bure. Kiwanda kinachotaka kukataa dai kwa sababu hiyo kinapaswa kuonyesha kwamba spea au fundi wa nje ndiye aliyesababisha uharibifu.

Karatasi nzuri, lakini hata Marekani haikutosha. Injini za Hyundai na Kia za familia ya Theta II zilizofungwa, miongoni mwa mengine, kwenye Sonata za mwaka 2011 zilikuwa zikigonga kisha kukwama, wakati mwingine gari likiwa kwenye barabara kuu. Miongoni mwa wenye magari walioomba injini mpya, wako waliodaiwa risiti za kila kumwaga oili tangu gari linunuliwe, na aliyekuwa amebadilisha oili uani kwake mwenyewe akajikuta hana ushahidi. Mnamo Septemba 2015 Hyundai iliyaita magari 470,000, na Machi 2017 kampuni hizo mbili zikaita mengine yapatayo milioni 1.2. Siri ya ndani ilitolewa na mhandisi wa Hyundai, Kim Gwang-ho, ambaye Novemba 2021 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilimzawadia zaidi ya dola milioni 24. Mwaka mmoja kabla, kampuni hizo zilikuwa zimekubali adhabu zinazofikia dola milioni 210 kwa kuchelewa kuyaita magari na kutoa taarifa zisizo sahihi. Wenye magari walikuwa wakiambiwa injini imekufa kwa kukosa oili, huku ndani ya kampuni kuna faili linalosema vingine.

China ilijifunza kwa aibu. Mapema mwaka 2019, katika mji wa Xi'an, mwanamke mmoja alinunua Mercedes-Benz kwa takriban yuani 660,000 na kabla haijatoka kwenye uwanja wa wakala ikaanza kuvuja oili. Wakala aliahidi kurudisha pesa, kisha kubadilisha gari, mwishowe akasema kanuni za taifa zinamruhusu kubadilisha injini tu. Aprili mwaka huo video ikamwonyesha mwanamke huyo amekaa juu ya boneti ya gari jingine ndani ya shoo-rum, analia na kuuliza kwa nini mtu aliyesoma na mwenye adabu analazimishwa kufanya vituko ili asikilizwe. Siku chache baadaye alipatiwa gari jingine, na mwezi uliofuata wakala akapigwa faini ya yuani milioni moja. Ilibainika pia kuwa alikuwa akiwatoza wateja ada ya huduma ya mkopo isiyo na maelezo. Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 zinasema wazi: injini, giaboksi, betri ya kuendeshea au mota ikihitaji kubadilishwa kwa kasoro ndani ya siku saba, mteja anaweza kulirudisha gari au kupewa jingine. Aliyepewa gari jingine alikuwa mteja wa gari la kifahari mwenye simu na hadhira ya mamilioni. Ni wangapi wa magari ya kawaida waliokubali injini ya kubadilishwa kimya kimya?

Afrika nayo ina mfano wake, na ni mfano mzuri. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya Afrika Kusini ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika mwaka 2011, inampa mnunuzi miezi sita ambamo bidhaa mbovu anaweza kuirudisha, akachagua mwenyewe kati ya kutengenezewa, kupewa nyingine na kurudishiwa pesa. Kuchagua kwake ndilo jambo kubwa, kwa sababu kwingi muuzaji ndiye huchagua, na mara nyingi huchagua kutengeneza. Kisha tarehe 1 Julai 2021 mwongozo wa Tume ya Ushindani ya nchi hiyo ulianza kazi: mwenye gari lenye dhamana anaweza kulipeleka sevisi kwa fundi wa kujitegemea bila dhamana nzima kufutwa. Fundi huyo akiharibu kitu, mteja hupoteza haki kwa kile kilichoharibiwa, si kwa gari zima. Muuzaji pia anatakiwa kuonyesha bei ya mpango wa sevisi kando na bei ya gari, ili mnunuzi aweze kuukataa. Mawakala walilalamika kwamba usalama utashuka. Labda, lakini hoja ya usalama ingekuwa na uzito zaidi kama isingetoka kwa wale wale wanaopoteza mapato ya sevisi.

Ukirudi Afrika Mashariki, picha inageuka kwa sababu gari lenyewe ni la aina nyingine. Kenya katika miaka ya karibuni imekuwa ikinunua magari mapya kati ya elfu 11 na elfu 14 hivi kwa mwaka, na sehemu kubwa ni malori, pikapu na mabasi ya kazi. Gari dogo la familia, kwa watu wengi sana, ni lile lililoshuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam likitoka Japani, likiwa limeshatembea miaka saba au kumi. Dhamana yake ya kiwanda ilikwisha zamani, na hata kama ingebaki, iliandikwa kwa ajili ya soko la Japani. Cheti cha ukaguzi ambacho Kenya hudai kabla gari halijapakiwa kinaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Hakimwahidi mnunuzi kitu zaidi ya hapo. Yadini muuzaji hutaja waranti ya injini na giaboksi ya mwezi mmoja au mitatu, mara nyingi kwa mdomo, na mkataba wa mauzo chini yake una mstari unaosema gari limeuzwa kama lilivyo. Mistari hiyo miwili haiwezi kuishi nyumba moja, na siku ya siku ni ule ulioandikwa unaosomwa.

Mipaka ya nchi inauma pia kwa namna isiyoonekana. Kwa giaboksi zake za CVT, Nissan iliongeza dhamana Marekani hadi miaka 10 au maili 120,000 kwa magari ya miaka ya 2003 hadi 2010. Ahadi hiyo haikuvuka bahari kuwafuata wenye Nissan za mtumba Nairobi na Arusha. Wao wanabishana na fundi kuhusu oili ya giaboksi iliyowekwa kimakosa, kisha wanatafuta giaboksi nyingine ya mtumba, nayo bila dhamana.

Kwa mifuko ya hewa ya Takata, jambo liligeuka la kufa na kupona. Vilipuzi vya mifuko hiyo, vilivyofungwa kwenye magari ya kampuni nyingi zikiwemo Toyota na Honda, huchakaa kwa joto na unyevu na vinaweza kumrushia dereva vipande vya chuma. New Zealand, ambayo kama sisi huingiza kwa wingi magari yaliyotumika Japani, iliamua mwezi Aprili 2018 kulazimisha kuitwa kwa magari yapatayo 50,000 yenye aina hatari zaidi, na mengi yalikuwa ya mtumba. Serikali ile haikukubali kisingizio kwamba gari halikuuzwa na wakala wa nchini. Joto na unyevu wa pwani ya Mombasa, Tanga na Zanzibar haupungui kuliko wa Auckland.

Kwa wanaonunua magari mapya, wengi ni taasisi, kampuni, saccos za matatu na wafanyabiashara wa usafirishaji. Malalamiko yao hayafiki hadharani, kwani afisa ununuzi hatakaa juu ya boneti. Lakini hasara yao ni kubwa kuliko ya mtu binafsi, na inatoka mahali ambapo dhamana haigusi kabisa. Dhamana ya kawaida hulipia spea na ufundi. Hailipii siku ambazo basi dogo la Isuzu limekaa gereji likingoja kifaa kutoka Japani, wala basi la Yutong lililolala Ubungo jijini Dar es Salaam huku mkopo wa benki ukidai rejesho la mwezi. Mwenye basi akiambiwa spea itafika baada ya wiki sita, hata ikiwa bure, anaona ni nafuu kununua nyingine mtaani na kuendelea na safari. Akifanya hivyo, amempa wakala sababu ya kukataa dai lake lijalo.

Na mikoani? Mwenye pikapu mpya Songea anayetakiwa kufanya sevisi kila kilomita 5,000 kwenye gereji ya wakala Dar es Salaam atatumia zaidi ya kilomita 1,800 kwenda na kurudi, zaidi ya theluthi ya muda wa sevisi yenyewe. Kitabu cha dhamana kimeandikwa kana kwamba kila mtu anaishi umbali wa foleni moja kutoka kwa wakala. Hapa ndipo mwongozo wa Afrika Kusini ungefaa kuliko popote: fundi mwenye sifa aliye jirani, oili ya kiwango kilichotajwa, risiti, basi.

Suala la mafuta linastahili kutazamwa peke yake, kwa sababu ndilo kisingizio kinachopendwa zaidi na chenye ukweli zaidi. Uchakachuaji ulikuwa tatizo la kweli. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za utambuzi, kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mnamo Septemba 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuyachanganya na dizeli kusiwe na faida. Lakini hata dizeli safi ya hapa si sawa na ya Ulaya. Tangu Januari 2015 kikomo cha salfa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 50 kwa milioni, wakati Ulaya imeshuka hadi 10 tangu 2009, na injini za kiwango cha Euro 6 pamoja na vichujio vyake vya moshi zilisanifiwa kwa mafuta ya kikomo hicho cha chini. Wakala anayeuza gari la namna hiyo Nairobi anajua ni mafuta gani yapo kwenye pampu za Nairobi. Kama mafuta hayo yataliua gari, basi gari halikufaa kwa kazi aliyoliuzia, na anayepaswa kulibeba kosa hilo ni muuzaji.

Hoja hiyo si ya mtaani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, katika kifungu cha 16, inatambua sharti kwamba bidhaa ifae kwa kazi ambayo muuzaji anajua imenunuliwa, na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ametoa dhamana ya ubora unaostahili hata kama hakuiandika. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Kinachokosekana ni namba. Hakuna sheria kati ya hizo inayosema mara nne, siku 30, au miezi sita ambamo muuzaji ndiye athibitishe. Uingereza, ambako sheria ya Kenya ya uuzaji ilichotwa, ilishaliona pengo hilo: tangu Oktoba 2015 mnunuzi ana siku 30 za kulikataa gari bovu, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo mpaka muuzaji aonyeshe vinginevyo. Sisi tulibaki na kifungu cha mababu.

Magari ya umeme yanaongeza uharaka. Betri peke yake hubeba sehemu kubwa ya bei ya gari, kampuni nyingi huiwekea dhamana ya miaka minane, na afya yake husomwa kwa programu ambayo mara nyingi iko mkononi mwa wakala tu. Fundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi aliyeweza kusikiliza injini akajua kinachougua hataweza kubishana na kompyuta hiyo. Betri ikipungua nguvu mwaka wa tano, na wakala akasema imechajiwa vibaya, mwenye gari atamjibu kwa kipimo gani?

Kabla serikali hazijaamka, mwenye gari anaweza kufanya machache. Gari likiwa na tatizo, asikabidhi ufunguo mpaka malalamiko yake yameandikwa kwenye jobu kadi kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tarehe na kilomita, na aondoke na nakala hata kama fundi hakuona kitu. Arekodi kwa simu mlio au mtetemeko unaotokea. Risiti ya kila oili iwekwe, iwe ya wakala au ya fundi wa jirani. Dai likikataliwa, aombe sababu kwa maandishi, maana wengi wanaokataa kwa mdomo husita wakiombwa saini.

Kazi kubwa iliyobaki ni ya Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na Tume ya Ushindani ya Tanzania. Mwongozo wa Afrika Kusini upo hadharani na umeanza kutumika tangu 2021; ziuchukue, ziongeze idadi ya marejeo ya gereji na ya siku ambazo zikifika gari linahesabiwa bovu, na zimwandike muuzaji kuwa ndiye mwenye kuthibitisha katika miezi sita ya kwanza, liwe gari la shoo-rum au la yadini.